Madigadi: Historia ya Neno na Kitu Chake Katika Karagwe na Kyerwa

Makusudi ya makala haya ni kueleza habari za neno moja la karakana, nalo ni madigadi, pamoja na kitu kiitwacho kwa neno hilo, yaani kipande cha bati au cha mpira kiwekwacho penye gurudumu ili kuzuia tope lisiruke. Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni dogo mno kwa jarida la wanazuoni. Tumezoea kuyachungua maneno ya kigeni katika Kiswahili kwa kutazama vitabu vya dini, vya sheria na vya siasa. Lakini maneno mengi yaliingia kwa mlango mwingine, kwa mikono ya watu wenye mafuta na kutu vidoleni, ambao hawakuandika kitabu wala barua. Waliyoyafanya watu hao hayamo katika majalada ya serikali. Yamo katika maneno waliyotuachia.

Nimechagua wilaya za Karagwe na Kyerwa, katika Mkoa wa Kagera, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba huko tope si jambo la kuhadithiwa. Ya pili ni kwamba nchi hiyo ipo mahali ambapo lugha tatu za watawala wa Kizungu zilikaribiana: Kijerumani, Kiingereza, na Kifaransa ng'ambo ya mto Kagera. Mtu atakaye kujua kwa nini neno fulani lilipata umbo lake, na si umbo jingine, hatapata kwa urahisi mahali pafaapo zaidi pa kulipima.

I. Nchi na njia zake

Wilaya hizi zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012, Kyerwa ilipotengwa na Karagwe. Ni nchi ya vilima na mabonde, yenye udongo mwekundu, na mvua zake huja mara mbili kwa mwaka: takriban Septemba hadi Desemba, na tena Machi hadi Mei. Katika miezi hiyo njia za udongo hulainika, na gurudumu lipitapo huchota tope na kulitupa. Miezi ya kiangazi tope lile lile huwa vumbi na changarawe, na gurudumu hurusha mawe badala ya maji.

Kiswahili kilifika Karagwe kwa miguu kabla ya gurudumu lolote. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya wafalme wa Karagwe. Speke na Grant walipofika kwa mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, na Stanley alipofika mwaka 1876, walifuata njia za misafara ambazo wapagazi na wafanyabiashara walikuwa wameshazikanyaga, na lugha ya njia hizo ilikuwa Kiswahili. Wala nchi haikuwa ngeni kwa chuma. Vitu vya chuma vya ufalme wa Karagwe, miongoni mwao mifano ya ng'ombe iliyofuliwa na wahunzi, vimesifiwa sana na wataalamu wa sanaa na historia. Basi yule aliyekuja baadaye kutengeneza gari hakuanza bila kitu. Alikuwa na lugha ya misafara mdomoni, na nyuma yake palikuwa na urithi wa wahunzi.

Wajerumani walijenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, na Karagwe ikatawaliwa kutoka huko. Utawala wao ulituachia maneno machache yanayojulikana na wote, kama shule na hela, lakini magari yalikuwa haba sana katika siku zao. Waingereza waliishambulia Bukoba mwezi wa Juni 1915, na mwaka 1916 Wajerumani wakaondoka. Ng'ambo ya mto, Rwanda ikawa chini ya Wabelgiji, ambao serikali yao ilitumia Kifaransa. Ni katika miaka iliyofuata vita hivyo, hasa ya 1920 na 1930, ndipo magurudumu yalipozidi. Bei nzuri ya kahawa ilileta baiskeli katika nyumba za wakulima wa Mkoa wote. Bati lilipoanza kuchimbwa pande za Kyerwa na Murongo, malori nayo yakawa na kazi huko. Njia kuu ya kwenda Bukoba ilipita Kyaka, penye mto Kagera, mahali ambapo daraja lilibomolewa na majeshi ya Idi Amin mwezi wa Novemba 1978. Lami ilichelewa sana. Kipande cha Kyaka hadi Bugene, chenye kilomita 59.1, kilitiwa lami katika muongo wa 2010. Kwa hiyo kwa muda wa karibu miaka mia, kila aliyekuwa na chombo chenye gurudumu katika nchi hii alikuwa na shauri moja na tope.

II. Neno lilivyoumbwa

Hapana shaka kwamba asili ya madigadi ni neno la Kiingereza mudguard. Irabu ya silabi ya kwanza ilisikika kama a, jinsi isikikavyo katika maneno mengi ya namna hiyo. Konsonanti mbili zilizogusana katikati, d na g, zilitenganishwa kwa irabu i, kwa kuwa Kiswahili hakipendi konsonanti za namna hiyo zifuatane. Mwisho wa neno ukapewa i vile vile, kama ilivyo desturi baada ya d na t: kadi, gadi, shati, koti, nati. Tukapata silabi nne, ma-di-ga-di.

Mpaka hapa hapana ajabu. Jambo la kuangaliwa ni mkazo. Katika Kiingereza mkazo upo juu ya silabi ya kwanza. Katika Kiswahili mkazo hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, nao ukahamia juu ya ga. Silabi ya kwanza ikabaki bila nguvu, imelegea, sawasawa na kiambishi. Msikilizaji wa Kiswahili aliposikia ma- iliyolegea namna hiyo, mbele ya jina la vitu viwili au vinne vilivyofanana, alifanya kama alivyofanya tangu utotoni: aliitenga. Akasema digadi moja, madigadi manne. Tena mkazo wa digadi haukuguswa. Ulibaki juu ya ga vile vile. Neno liligawanyika mahali palipokuwa tayari kugawanyika.

Wako wasemao kwamba hili ni kosa la masikio, na kwamba wasiojua Kiingereza walichanganyikiwa. Sidhani. Kama ingekuwa ni masikio tu, kila neno la kigeni lianzalo kwa ma- lingalikatwa vivyo hivyo. Twajua sivyo. Hakuna asemaye shine moja, mashine mbili. Wala hakuna asemaye ili moja, maili mbili. Maneno ya Kiarabu nayo yanatufundisha jambo lilo hilo. Maktaba na mahakama yanaanza kwa ma-, lakini kila moja ni mahali pamoja, nayo yamebaki katika ngeli yasiyobadilika umbo: mahakama hii, mahakama hizi. Bali madini, ambayo katika Kiarabu ni umoja, kwetu yamepata upatanisho wa wingi, madini haya, kwa kuwa akili huyaona kama kitu kilicholundikana. Na neno makala lenyewe, lililo mwanzoni mwa maandishi haya, bado linayumba baina ya njia hizo mbili: wengine huandika makala hii, wengine makala haya, na wote ni watu wenye elimu.

Basi sauti peke yake haitoshi. Hapana budi maana iwe upande wake. Madigadi yalikuwa na maana hiyo. Kwanza, ni vitu vya jozi, na ngeli hii ndiyo makao ya macho, meno, masikio na mapaja. Pili, ni vitu vipana na bapa, na ngeli hiyo hiyo ina majani, makuti, majamvi na mabati. Tatu, na hii naiona kuwa sababu yenye nguvu kuliko zote, majirani wake katika gari walikuwa wamekwisha kukaa humo: gurudumu, magurudumu; tairi, matairi. Digadi hukaa juu ya tairi au nyuma yake, na idadi yake hufuata idadi ya matairi. Fundi aliyesema matairi manne na madigadi manne alikuwa akipanga vitu vyake safu moja, katika chombo na katika sarufi pia.

Sasa tutazame wilaya zetu. Lugha ya wenyeji ni Runyambo, ambayo imechunguzwa kwa uangalifu na Profesa Josephat Rugemalira. Mwaka 2002 alitoa msamiati wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza. Katika lugha hiyo kiambishi cha ngeli ya sita ni ama-, chenye irabu tangulizi, kama katika amaisho, yaani macho, na amaino, yaani meno. Kwa hiyo kijana wa Karagwe aliyejifunza ufundi kwa Kiswahili hakuhitaji kufundishwa kwamba ma- ni alama ya wingi. Aliijua kwa lugha ya mamaye. Katika nchi kama hii neno lile lilipata walinzi wawili, Kiswahili na lugha ya nyumbani.

Tena tuyapime yale ambayo yangaliweza kutokea. Kama magari yangalienea katika siku za Wajerumani, kitu hiki kingaliitwa kwa neno lao Kotflügel, ambalo halina ma- mwanzoni. Ng'ambo ya mto Kagera Kifaransa kilikiita garde-boue, nalo pia halina ma- mwanzoni. Kwa maneno hayo umoja digadi usingaliweza kuzaliwa kabisa. Umbo la neno letu, basi, ni ushahidi wa tarehe na wa njia: latuambia kwamba kitu kilikuja baada ya 1916, kutoka upande wa Kiingereza, na kwamba waliokipa jina walikuwa wanafikiri kwa lugha ya Kibantu.

III. Kitu chenyewe

Neno likisha kupata umbo huanza safari nyingine, ya maana. Kitu cha kwanza kuitwa madigadi na watu wengi wa vijijini kilikuwa cha baiskeli: ukanda wa bati uliopindwa juu ya gurudumu, kwa mfano katika baiskeli za Raleigh kutoka Uingereza na baadaye Phoenix kutoka China. Magari ya zamani nayo yalikuwa na mabawa ya bati yaliyosimama peke yake juu ya kila gurudumu. Kisha, kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950, waundaji wa magari waliyaunganisha mabawa hayo na mwili wa gari, hata yasionekane tena kuwa kitu mbali. Jina lilikuwa hatarini kubaki bila kitu. Lakini kazi ya kuzuia tope haikuisha, na nyuma ya gurudumu pakaning'inizwa kipande cha mpira. Jina likaacha bati likashika mpira. Leo mtu wa Kayanga au Nkwenda akitaja madigadi ya baiskeli anamaanisha bati, na akitaja madigadi ya lori anamaanisha mpira, wala hasiti. Neno limefuata kazi ya kitu, halikufuata umbo lake.

Hapa ndipo historia ya kitu inapoingia uani kwa mtu. Magari mengi yaliyotumika, hasa ya Kijapani, yaliyoingia nchini baada ya biashara kulegezwa katika miaka ya 1980, yaliundwa kwa ajili ya njia za lami. Mengine huja na madigadi mafupi, mengine hayana kabisa. Mwenye gari akiliendesha hivyo katika njia ya moramu, mawe hupiga chini ya mwili wa gari, rangi hutoka, na kutu huanza mahali hapo. Basi huyafunga mwenyewe nyumbani, au humwita fundi aje uani. Kazi hiyo haihitaji karakana kubwa, lakini ina kanuni zake, nazo zafaa kuandikwa, kwa kuwa kila hatua ina msamiati wake.

Kwanza hutafutwa mpira. Ukipatikana wa dukani, vyema. Usipopatikana hukatwa ubavu wa tairi kuukuu, kwa ustadi ule ule wa mafundi wa makatambuga. Kisu hulowekwa maji ya sabuni, maana mpira mkavu humshika mkataji. Upana wa kipande huzidi kidogo upana wa tairi. Urefu ndio wenye hesabu ngumu. Kikiwa kifupi mno, tope hupita chini yake; kikiwa kirefu mno, huburuta katika makorongo ya njia na kung'oka. Tena haifai kupima gari likiwa tupu, kwa sababu likisha kupakiwa magunia ya kahawa au mikungu ya ndizi hushuka, na mpira uliokuwa mbali na ardhi huigusa.

Kisha hutobolewa matundu. Mpira hutobolewa kwa keekee, au kwa msumari uliotiwa moto katika makaa. Bati la gari halitobolewi ovyo. Fundi mwenye busara hutafuta kwanza matundu yaliyoachwa na waundaji penye ukingo wa ndani, na akilazimika kutoboa jipya hulipaka rangi, ili asiikaribishe kutu ile aliyokuja kuizuia. Hufungwa kwa bolti na nati, au kwa parafujo, na baina ya nati na mpira huwekwa wosha pana, au kipande cha bati kilichopondwa, maana wosha ndogo huuchana mpira kwa mtikisiko. Mwisho, penye magurudumu ya mbele, usukani huzungushwa mpaka mwisho wake kulia, kisha kushoto, kutazama kama tairi litagusa mpira. Likigusa, hufunguliwa na kurekebishwa.

Msomaji ameona jinsi aya hiyo ilivyobeba historia nzima. Parafujo ni la Wareno. Usukani ni Kiarabu, nao ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa gari. Gari ni la Kihindi, na karakana ni ya Kiajemi. Bolti, nati na wosha ni za Kiingereza. Mpira, tundu na tope ni vyetu tangu asili. Watu waliokusanya maneno haya hawakuwa na kamati. Walichukua kila neno mahali ambapo kitu chake kilipatikana, wakalitia katika sarufi yao, na kazi ikaendelea.

Kuna jambo jingine lisilosemwa mara nyingi. Digadi humfaa mwenye gari, lakini pengine humfaa zaidi asiye na gari. Katika njia nyembamba ya mteremko, watoto waendao shule na akina mama watokao sokoni hupita ukingoni, na tope la gari lisilo na madigadi huwafikia nguoni. Gari lifuatalo nyuma nalo huokolewa na mawe yaliyokuwa yavunje kioo chake. Fundi akiulizwa sababu ya kazi yake atataja kutu. Mpita njia akiulizwa atataja nguo zake. Wote wawili wasema kweli.

IV. Neno la kufanyia kazi

Nimesema hayo yote kwa sababu kuna uamuzi mbele yetu. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, na hasa tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipowekwa kwa sheria mwaka 1967, tumekuwa na desturi njema ya kuunda istilahi. Mahali pengine kazi hiyo ni ya lazima, maana kitu ni kipya na jina hakuna. Lakini penye neno ambalo watu wamelitumia vizazi vitatu, kuunda jingine ni kufuta maandishi ili kuandika upya kwenye karatasi ile ile. Tukimwambia mwanafunzi wa ufundi aandike kikingatope katika mtihani, ataandika. Kisha atakwenda karakana na kusema digadi, naye atakuwa amefundishwa kwamba lugha ya elimu si lugha ya kazi. Hasara hiyo ni kubwa kuliko faida ya neno safi. Na usafi wenyewe ni wa kutiliwa shaka. Neno digadi limepita katika mkazo wa Kiswahili, katika ngeli ya Kiswahili, na katika umoja ambao Kiingereza hakiujui kabisa. Mwingereza akisikia digadi hatalitambua. Kama hilo si neno la Kiswahili, sijui tutaliita la nani.

Yatupasa pia kufanya haraka. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 ilichapishwa kabla ya magari kuenea katika nchi zetu, na kamusi zilizofuata ziliyapokea maneno ya karakana kidogo kidogo, mara nyingi bila kueleza kitu chenyewe kilivyobadilika. Wazee waliojifunza ufundi kwenye malori ya Bedford na Land Rover za kwanza wanapungua, na lami inapozidi kusonga mbele, haja ya madigadi nayo itapungua. Ningeomba wanafunzi wetu waendao Karagwe na Kyerwa wasipite karakana za Omurushaka na Murongo bila kushuka. Wachukue daftari, wamwombe fundi ataje kila sehemu ya gari kwa umoja na kwa wingi, kwa Kiswahili na kwa Runyambo, na waandike asemavyo, si kama wadhanivyo kuwa angepaswa kusema. Wamwulize pia kitu hicho kilikuwaje alipokianza kazi. Orodha ya namna hiyo, ya wilaya mbili tu, itatufaa katika kamusi na katika historia kwa pamoja.